Padri Lemaître na Taa za Mbinguni

Vijana wetu wa Runingu wanaosoma Uvira na Bukavu hutuletea habari kwamba wataalamu wamekwisha kuupima ulimwengu: una miaka bilioni 13.8, nao wazidi kutanuka. Wengine hufurahi, wakidhani kitabu cha Mwanzo sasa kimepata cheti. Wengine huona mashaka. Sisi twauliza kwanza: wamepima kwa kipimo gani? Kwa hiyo tumeichukua makala ya mwaka 1927 ya Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Louvain. Sisi Wakatoliki twaisifu sana, lakini waliosoma ni wachache.

Sifa yake ni ya haki. Hubble, Mmarekani, alitangaza vipimo vyake mwaka 1929. Padri huyu alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba makundi makubwa ya nyota yaachana kwa sababu anga lenyewe latanuka. Akatoa na tarakimu: kundi lililo mbali kwa miaka ya nuru milioni 3.26 hukimbia kilometa 625 kila sekunde, na la mbali mara mbili hukimbia mara mbili. Leo tarakimu hiyo ni kati ya 67 na 73. Kosa la mara tisa si dogo.

Lilitoka wapi? Ukisimama usiku ufukoni Uvira, waziona taa za wavuvi wa ndagala ziwani. Taa hafifu iko mbali, taa kali iko karibu. Ndivyo, ikiwa taa zote zina nguvu moja! Padri alichukua makundi 42 ya nyota, akayahesabu kana kwamba yote yana mwanga mmoja. Na mwanga huo, alioupokea kwa Hubble, ulikadiriwa mdogo mno. Basi akayaona karibu kuliko yalivyo. Hatumlaumu kwa hilo, ndizo taa zilizokuwapo.

Lawama yetu ni nyingine. Kwamba mwendo huongezeka sawasawa na umbali, hilo hakulisoma katika nyota. Alilitoa katika hesabu zake, kisha akaziomba nyota tarakimu moja tu ya kujazia. Vipimo vyake havikuweza kumthibitishia wala kumkanusha, naye alijua, wala hakuficha. Lakini mwaka 1931, alipoitafsiri makala kwa Kiingereza, aliliacha fungu hilo la vipimo, kwa kuwa Hubble alikuwa na vilivyo bora. Ni uungwana, ila wasomaji wa Kiingereza hawakuona tena mahali nadharia ilipokutana na nyota.

Jambo hili si la kale tu. Tarakimu ya 67 yapatikana kwa kusoma nuru ya kale kuliko zote, baada ya kukubali kwanza mfano mmoja wa ulimwengu, pamoja na vitu vyake visivyoonekana. Ile ya 73 yatoka kwa taa, yaani nyota zinazolipuka. Hazipatani. Ndiyo maana wengine watafuta kipimo kisichoegemea mfano. Huangalia makundi yaliyoacha kuzaa nyota, ya karibu na ya mbali, wakalinganisha umri wao. Tofauti hiyo huwaambia anga lilitanuka kwa haraka gani wakati ule. Hata hivyo wategemea elimu ya jinsi nyota zinavyozeeka. Mikono mitupu haipimi kitu.

Na uzito je? Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilichoitwa Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Kiliona miali ya eksirei ikienea kote katika mikusanyiko ya makundi ya nyota. Ikajulikana ni gesi ya moto mno. Joto lake laeleza uzito gani waizuia isitawanyike, nao wapita mbali uzito wa vyote vinavyoonekana. Hapa mfano wa ulimwengu mzima hauhitajiwi sana: yatosha kujua umbali, na gesi iwe imetulia.

Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII, akihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi, alizitaja habari hizi kama shahidi wa uumbaji. Padri Lemaître hakupendezwa. Kwake nadharia hii ilisimama nje ya maswali ya dini. Asiyeamini angeweza kuikataa au kuikubali kwa sababu za nyota tu. Alikufa Juni 1966, muda mfupi baada ya kuletewa habari kwamba nuru ile ya kale imeonekana.