Mabega ya Chicago

Picha haiimbi. Hilo ndilo tatizo la kwanza la anayepiga picha za kutangaza tamthilia ya muziki, na matangazo mengi ya Broadway hulikwepa kwa kutumia mchoro au nembo. Chicago, iliporudishwa Broadway Novemba 1996, haikulikwepa.

Toleo hilo lilianza Mei mwaka huohuo kama onyesho la siku chache: bendi juu ya jukwaa, viti kadhaa, wachezaji dansi waliovaa nguo nyeusi. Hapakuwa na mandhari ya kupiga picha. Drew Hodges na kampuni yake ya usanifu, waliopewa kazi ya kulitangaza, wakamwita Max Vadukul, mpiga picha wa mitindo mzaliwa wa Nairobi na bingwa wa picha nyeusi na nyeupe. Uamuzi huo naupenda kupita kiasi.

Nguo nyeusi hunywa mwanga. Ukitaka kila mkunjo wa kitambaa uonekane, ngozi itaungua iwe nyeupe tupu. Kwa hiyo unapima mwanga wa ngozi, nguo unaiacha izame. Kinachobaki ni shingo, mikono, mapaja na mstari wa kiuno, na hivyo ndivyo vitu ambavyo dansi ya Bob Fosse, mtunzi wa dansi ya Chicago ya kwanza, imejengwa juu yake: magoti yaliyogeuzwa ndani, bega lililopinda, vidole vilivyotanuka, kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Umbo la namna hiyo linasomeka hata likiwa ubavuni mwa basi linalopita. Hata gazetini, ambako karatasi hufyonza wino na kijivu hugeuka tope, weusi mzito na weupe safi hupona.

Mpiga picha aliyekaa ukumbini siku ya mazoezi ya mwisho hayapati haya kirahisi. Taa si zake, na tendo halirudiwi. Studioni mchezaji anaweza kurudia mpindo mmoja wa kiuno mpaka mpiga picha aipate ile nukta kabla ya kilele, pumzi ikiwa bado kifuani. Hapo mtazamaji huimalizia hatua mwenyewe, na karibu asikie ngoma.

Waigizaji wa Chicago hubadilika mara kwa mara, na nyota wapya wameendelea kupigwa picha kwa mtindo huohuo. Nyingine hunivunja moyo: nyota amesimama tu akitazama kamera, mabega yamenyooka, na muziki hausikiki tena.