Heko, mafundi wa Chiungutwa

Gari kuukuu halina kompyuta ya kusema linaumwa wapi. Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi magari wa Chiungutwa, mkoani Mtwara, na wenzao wa Masasi na Newala.

Fundi mzuri huuliza kwanza: tatizo hutokea injini ikiwa ya moto au ya baridi? Kisha hutazama moshi. Ukiwa mweusi, dizeli imezidi hewa. Wa bluu, oili inaungua, pengine ringi za pistoni zimekwisha. Mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi hiyo. Stata ikigonga bila kuzungusha injini, fundi huyo hakimbilii kuagiza mpya. Husafisha vichwa vya betri, akafuata waya wa hasi hadi kwenye bodi, maana kutu huzuia umeme. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa; ikiunguruma, takriban 14. Isipofika, alteneta au mkanda wake una kasoro.

Kinachonigusa zaidi ni uaminifu wa kupima kabla ya kubadilisha. Mkulima wa korosho mwenye pikapu ya zamani hana fedha za kubahatisha, na fundi anayemwambia “ni waya tu, baba” amemwokolea ada ya mtoto. Mafundi wengi walijifunzia gereji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima watu kama hao na kuwapa vyeti. Wanastahili.