Giza Linalotunza Picha

Nilijifunza upigaji picha nikiwa kijana, katika studio ndogo mjini Moshi, enzi za filamu. Fundi wangu alikuwa akifunga mlango, anaziba upenyo wa chini kwa blanketi, kisha anawasha taa nyekundu. Karatasi nyeupe iliingia kwenye beseni la dawa, nasi tukaiinamia. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha ukaja weusi wa nywele, ukosi wa shati, macho. Na mara mtu mzima akawa anatutazama kutoka majini.

"Dawa haichori," fundi aliniambia. "Picha imo tangu mwanga ulipoigusa karatasi. Dawa inaifichua tu." Ndiyo maana mlango haukufunguliwa kabla ya wakati. Mwenye haraka aliiunguza picha ambayo tayari ilikuwa yake.

Kila yanapoingia Majilio, maneno hayo hunirudia. Jumapili nne kabla ya Krismasi, altare huvikwa zambarau, na mshumaa mmoja huwashwa katika shada la mishumaa minne. Mshumaa mmoja haulifukuzi giza la kanisa. Unatuambia tu kwamba mwanga umekwisha kutugusa, hata kama bado hatuoni sura yake.

Agosti 1839, huko Paris, ulimwengu ulifunguliwa siri ya Louis Daguerre ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka huohuo, mjini Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini, aliweka mishumaa juu ya gurudumu ili watoto wahesabu siku za kuifikia Krismasi. Mmoja aliufundisha mwanga kukaa. Mwingine aliwafundisha watoto kuungoja. Mimi ni mwanafunzi wa wote wawili.

Kila Desemba mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nikasimika kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaielekeza Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Mara nyingi wingu limefunika kila kitu. Umande unalowesha viatu, majogoo wanawika migombani, waumini wa ibada ya kwanza wananipita wakinisalimu. Siku nyingine narudi mikono mitupu. Siku nyingine wingu linapasuka kwa dakika chache, na kilele cha mita 5,895 kinasimama juu yetu, cheupe. Mlima haukuwa umekwenda popote.

Asubuhi moja, baada ya mwaka wa misiba mingi, wingu lilikataa kabisa. Nikageuza kamera. Nyuma yangu mama mmoja mzee alikuwa akifagia ua wa kihamba chake, kwa sababu wanawe wangerudi kutoka Dar es Salaam kwa Krismasi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, lakini ua ulikuwa tayari. Niliomba ruhusa, nikampiga picha. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo picha ya matumaini ninayoiamini zaidi: mtu anayefagia njia ya wageni ambao bado hawajafika.

Majilio haya, usisubiri sherehe ndipo utoe simu au kamera. Mpige picha anayekungoja, akiwa bado anangoja. Kisha usiiache ndani ya simu. Ichapishe kwenye karatasi, ufunge safari, umkabidhi mkononi.