Kubakwa, Kulawitiwa, Kufanywa Bibi: Tafsiri katika Tafiti za Uzamili kuhusu Jinsia Nakivale

Tafiti za uzamili kuhusu jinsia miongoni mwa wakimbizi wa Uganda huishi katika lugha mbili: mahojiano hufanywa kwa lugha ya mhojiwa, tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Nakivale, wilayani Isingiro, lugha hiyo ya kwanza mara nyingi ni Kiswahili. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana watu zaidi ya 100,000, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali. Makala haya yanadai kuwa kinachopotea baina ya lugha hizo mbili si ladha ya usemi tu, bali ni ushahidi wenyewe.

Neno linaloipa taaluma hii jina lina utata wake. Jinsia limetoka katika Kiarabu, ambako leo, kama lilivyo jinsiyad la Kisomali, hutumika kwa maana ya uraia. Msomali anayeulizwa jinsia yake huenda akataja nchi, na kwa mkimbizi hilo ndilo swali zito zaidi. Mjadala wa jinsi, jinsia na ujinsia unafahamika. Hauhitaji kurudiwa hapa.

Uzito uko kwenye vitenzi. Chukuliwe mfano wa mwanamume wa Kivu anayesema, "walinifanya bibi." Pwani, bibi ni nyanya au mwanamke wa heshima, katika Kiswahili cha Kongo ni mke. Mkalimani mwenye Kiswahili cha shuleni ataudhania usemi huo kuwa ni tusi, au kwamba mtu huyo alilazimishwa kupika na kuteka maji. Na huenda kweli alilazimishwa. Usemi unabeba utumwa wa jikoni na wa kitandani kwa pamoja, na mtafiti hana haki ya kuchagua mmoja.

Mkalimani aliyeelewa naye ana mtihani wake: aseme kubakwa au kulawitiwa? Kulawiti, lililotokana na jina la Nabii Luti, hutaja tendo pamoja na dhambi yake. Nguvu iliyotumika hailazimiki kuwemo. Katika kubaka, nguvu ndiyo kiini. Nchini Uganda uchaguzi huu una gharama. Kanuni ya Adhabu inamtambua mwanamke au msichana tu kuwa mwathiriwa wa ubakaji, na Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023, ambayo Mahakama ya Kikatiba iliiacha karibu yote mwezi Aprili 2024, inaadhibu tendo la watu wa jinsi moja kwa kifungo cha maisha. Sheria hiyo haimwadhibu aliyetendewa kwa nguvu. Lakini neno kulawitiwa, likisikika mlangoni pa ofisi, halimtofautishi na mtenda.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoishinda sheria. Alibakwa haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- kinambeba binadamu yeyote. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi kuchagua, na mazoea humchagulia mwanamke. Mradi wa sheria za wakimbizi ulioanzishwa Makerere mwaka 1999, Refugee Law Project, uliwaweka wanaume manusura mbele ya kamera katika filamu ya Gender Against Men. Tasnifu inayoendelea kudhani kwamba jinsia maana yake ni wanawake haina tena kisingizio cha kutojua.

Lakini Kiswahili chenyewe hakina maana moja pande zote mbili za mpaka. Kivu, Lingala ndiyo lugha ya wanajeshi wa serikali, na Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni. Mbarara, mji wenye kambi ya Makenke, ni kinyume: wenyeji husema Runyankore, na Kiswahili kwa miaka mingi kimenuka bunduki, lugha ya askari na polisi. Mtafiti Mnyankore anaweza kukiona kikali mno kwa mazungumzo ya faragha, akamhamishia mhojiwa katika Kiingereza chake kibovu, kwa huruma. Huruma hiyo inamnyang'anya mhojiwa lugha ya mama yake.

Bodi za uzamili, za Mbarara na Makerere, zingeweza kudai jambo dogo: kila usemi uliotafsiriwa uambatishwe na maneno yake asilia, pamoja na maelezo ya mkalimani, alijifunzia wapi Kiswahili, na kama ni mwanamume au mwanamke.