Maji ya folikuli: ng'ombe na nyati walilinganishwaje?

Mwambie mkazi wa Kama, huko Maniema, kwamba wataalamu wamelinganisha maji ya ovari ya ng'ombe na ya nyati. Atakachokiona akilini ni mbogo wa msituni. Siye huyo. Mbogo wa msitu wa Kongo ana kromosomu 54. Nyati-maji wa mtoni, anayekamuliwa India, Pakistani na Misri, ana 50. Ng'ombe ana 60. Aliyepimwa ni nyati-maji, kwa kuwa ovari zake hupatikana machinjioni bila kumwinda mnyama yeyote.

Sababu ya kumpima ni shida ya mfugaji. Nyati-maji huja joto kimyakimya, tena ovari yake ina folikuli chache kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo siku ya kupandisha hupita bila kujulikana. Folikuli ni kifuko kinacholea yai. Maji yake ni ya damu yaliyochujika kupitia ukuta wa kifuko, yakaongezewa yanayotolewa na seli za ndani. Kusoma protini zake ni kusoma yai lilikuwa linaoga katika nini.

Kazi huanzia mezani. Ovari huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha kila folikuli hupimwa kipenyo kwa kalipa na kuwekwa katika kundi lake: ndogo, za kati, kubwa. Maji hufyonzwa kwa sindano, huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili seli zitue chini, na yaliyo safi hugandishwa.

Hapa ndipo mkono unapoamua. Maji mazuri yana rangi ya manjano hafifu. Sindano ikigusa mshipa, maji huwa ya waridi, na hayo humwagwa. Damu imejaa protini iitwayo albumini. Ikiingia, utapima damu ukidhani unapima ovari.

Protini hufuatia kwenye jeli, kwa njia aliyoichapisha Laemmli mwaka 1970. Sabuni kali huzikunjua na kuzipa zote chaji ya aina moja, umeme huzivuta, na ndogo hutangulia mbele. Albumini husimama karibu na kilodaltoni 66, na mstari wake ndio mnene kuliko yote, kwa ng'ombe na kwa nyati-maji. Kila kisima cha jeli lazima kipewe protini kwa kipimo kilekile, na kando yake iwekwe seramu ya mnyama yuleyule. Mstari uliopo kwenye folikuli na usiopo kwenye seramu ndio wa kufuatiliwa. Tena mistari miwili kusimama mahali pamoja hakuthibitishi kwamba ni protini moja. Hilo husemwa na spektrometa ya masi.

Kwa hiyo ukiletewa tofauti ya wanyama hawa wawili, uliza kwanza: folikuli zilikuwa na kipenyo kipi, na ovari zilikuwa katika hatua ipi ya mzunguko? Folikuli kubwa ya ng'ombe ikilinganishwa na ndogo ya nyati-maji, tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya umri wa kifuko tu, na mfugaji anayesubiri jibu atakuwa amepotoshwa.