Maji Hufuata Mkondo

Kuna lalamiko moja ambalo fundi umeme wa pwani ya mashariki ya Unguja halikosi. Mwenye nyumba hupiga simu asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyelala kidogo.

"Fundi, huu umeme wetu una shetani. Alfajiri unakatika wenyewe. Jua likipanda, kama saa nne hivi, ukiuwasha unakaa mpaka usiku."

Fundi mchanga hufika na bisibisi yake akaanza kufungua soketi za ndani, moja baada ya nyingine. Fundi mzoefu hafungui kitu. Huuliza tu: "Samahani bibi, taa ya getini inatazama wapi?" Akiambiwa inatazama baharini, huiendea moja kwa moja, akazima umeme, akaishusha taa na kumwonyesha bibi unga mweupe uliotanda kwenye maungio ya waya. Shetani ni chumvi.

Upepo wa kusi, unaovuma tangu Mei hivi mpaka Septemba, hupiga fukwe za Jambiani na Paje uso kwa uso, ukibeba vitone vya maji ya bahari. Vitone hukauka, chumvi hubaki: kwenye vioo vya madirisha, kwenye nguo zilizoanikwa, ndani ya taa isiyozibwa. Mchana mkavu chumvi hiyo ni unga tu, haipitishi umeme. Lakini chumvi ina uroho wa maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huyanyonya maji ya hewani mpaka ikayeyuka yenyewe, na maji ya chumvi ni njia nzuri ya umeme. Kwenye usiku wa pwani unyevu huvuka kiwango hicho mara kwa mara na kufika kileleni alfajiri. Hapo umeme kidogo huvuja kutoka kwenye waya hadi kwenye mwili wa taa na kushuka ardhini. Swichi ya usalama huunusa, ikakata. Jua likichomoza unga unakauka, na ushahidi umepotea.

Kiswahili kina neno moja kwa maji yapitayo mferejini, kwa bahari inayokwenda na kwa umeme uliomo kwenye waya: mkondo. Wahenga waliosema maji hufuata mkondo hawakuwa na habari ya volti 230. Fundi wa kazi za nje huishi kati ya mkondo wa maji na mkondo wa umeme, na mshahara wake wote ni wa kuhakikisha haikutani. Wa ndani akikosea, mara nyingi taa haiwaki, naye ataitwa siku hiyo hiyo. Wa nje akikosea, taa inawaka vizuri sana, na miezi sita baadaye mtoto yuko peku kwenye mvua, ameshika nguzo ya geti.

Ndiyo maana kazi yenyewe huanza kwa miguu. Kabla hajakunjua hata mita moja ya waya, fundi huizunguka nyumba. Anatazama upenu umetokeza kiasi gani, maji ya bati yanamwagikia wapi, ukuta upi una ukungu wa kijani, upi umechomwa na jua. Masika ya Machi hadi Mei humletea maji kutoka juu. Kusi humletea chumvi kutoka ubavuni. Kaskazi, pamoja na jua lake la Januari, huleta adui ambaye wengi hawamhesabu: miale inayoigeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano, kisha ikawa ngumu kama biskuti, kisha ikapasuka. Bomba la waya lililopasuka Februari hukutwa na mvua ya Machi likiwa wazi. Basi boksi la swichi hukaa upande usiopigwa na kusi, chini ya upenu, juu ya kimo cha maji yanayorukia ukutani. Skrubu huwa za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu zile za chuma kilichopakwa zinki hazichukui muda kulia machozi ya kahawia ukutani.

Dukani ataulizwa anataka boksi la namba ngapi. Herufi IP zilizopigwa chapa kwenye vifaa vya nje hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza inasema vumbi limezuiwa kiasi gani, ya pili inasema maji. IP44 huvumilia maji yanayorushwa kutoka upande wowote. IP65 haiingizi vumbi kabisa na huhimili maji ya mpira. IP67 inaweza kuzamishwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Ni namba za kweli, ila zilipatikana maabara, kwenye boksi jipya na kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Boksi hilo hilo likitobolewa kwa juu ili waya upite, namba yake imebaki mapambo.

Hapa ndipo mkono unapojitambulisha. Mtazame fundi mzuri akiingiza waya kwenye boksi la pampu ya kisima. Waya unashuka kutoka juu ukutani. Haupeleki moja kwa moja ndani. Anauacha uteremke shubiri moja hivi chini ya boksi, ufanye tumbo, kisha upande na kuingia kwa tundu la chini, kupitia glandi ya mpira inayoukaba shingoni. Mvua ikinyesha, maji yatateleza juu ya waya kama yanavyoteleza juu ya kamba ya kuanikia nguo, yatafika kwenye lile tumbo, na kwa kuwa hayawezi kupanda mlima, yatadondoka hapo. Tumbo hilo halina bei. Ni waya wa ziada usiozidi dhiraa moja, lakini hutenganisha kazi ya miaka kumi na kazi ya msimu mmoja.

Halafu hufanya jambo linalomshangaza mwenye nyumba: anatoboa tundu dogo chini kabisa ya boksi, pale ambapo mtengenezaji ameliwekea alama. Kwa nini utoboe kitu ulichokinunua kwa sababu hakivuji? Kwa sababu boksi linapumua. Mchana hewa ya ndani hupata joto na kutanuka, usiku hupoa na kusinyaa, ikavuta hewa ya nje kupitia mwanya usioonekana kwa macho. Hewa hiyo ya pwani ina mvuke. Mvuke hugeuka matone. Matone hayana pa kutokea. Baada ya mwaka, boksi lililozibwa kwa silikoni kila upande huweza kufunguliwa likakutwa lina maji kama kikombe. Anayeijua kazi hukubali kwamba maji yataingia tu, akayawekea mlango wa kutokea. Mlango huo huwa mdogo, au hufunikwa kwa wavu, maana mwingine anayependa boksi lenye joto ni mjusi kafiri, na mjusi kafiri akilala juu ya vishikizo viwili vya shaba huunganisha asichopaswa kuunganisha.

Kazi ngumu kuliko zote iko chini ya miguu. Eneo kubwa la mashariki ya Unguja ni maweni: udongo kiganja kimoja, kisha mwamba wa matumbawe. Fimbo ya ardhi, ile nondo iliyovikwa shaba nyekundu yenye urefu wa mita moja na kitu, hugongwa nyundo mbili tatu ikagota. Mvivu hutoa msumeno wa chuma, akakata kipande kilichobaki nje na kufunika kisiki kwa saruji. Kwa macho, nyumba ina ardhi. Kwa mita, haina. Udongo mkavu na mwamba hupitisha umeme kwa shida, na ukinzani wa kisiki kile unaweza kufika mamia ya omu.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme ukinzani ni omu 100 tu. Waya wenye volti 230 ukigusa mwili wa pampu, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampea 2.3. Sakiti breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo. Kwake hilo ni kama pasi imewashwa chumba cha pili. Pampu itaendelea kuvuta maji, huku mwili wake ukiwa na umeme, ikimsubiri atakayekuja na ndoo. Fundi mwaminifu hutafuta mahali penye udongo, karibu na pale maji ya kuoshea yanapomwagika, au huchimba mtaro na kuulaza utepe wa shaba kwa marefu yake, au huzika fimbo mbili tatu na kuziunganisha. Kisha hupima, na kuandika alichopima.

Hata hivyo ardhi peke yake haitoshi, na ndipo inapoingia ile swichi ya usalama iliyomkatia yule bibi umeme alfajiri. Mafundi huiita RCD. Kazi yake ni kama ya karani wa bandarini: inahesabu mkondo unaotoka kwa waya mmoja na unaorudi kwa waya wa pili. Hesabu zikilingana, inanyamaza. Zikitofautiana, maana yake kuna mkondo uliopita kwingine, labda kwenye ukuta mbichi, labda kwenye mwili wa mtu. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata kabla nusu sekunde haijatimia.

Nani aliyejua kiasi gani ni kingi kwa mwili? Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea, akaona kwamba kwa wastani mwanamume hushindwa kuachia alichoshika mkondo ukifika miliampea 16, na mwanamke 10.5. Misuli hukaza, mkono unang'ang'ania kinachouua. Katika miaka ya 1960 alibuni kifaa cha kukata umeme unaovuja, na Marekani mpaka leo soketi za nje za nyumba hulindwa kwa kiwango cha miliampea tano hivi. Ukitaka kujua udogo wa tarakimu hizi, taa ya LED ya wati 10 hula zaidi ya miliampea 40. Mkondo wa kumulika choo cha nje unatosha na kubaki.

Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ni lile linaloonekana kama msaada. RCD imeruka mara tatu kwa wiki, mwenye nyumba amechoka, na kijana wa jirani anajitolea kuipitisha pembeni kwa kipande cha waya. Umeme hautakatika tena alfajiri. Chumvi ipo pale pale, unyevu upo pale pale. Aliyeondolewa ni karani.

Zanzibar ina somo lake la pekee juu ya kazi za nje. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hitilafu kwenye mfumo wa kebo ya chini ya bahari itokayo bara iliiacha Unguja bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Ngurumo za majenereta zikawa sauti ya mji. Ndipo umuhimu wa kifaa kimoja ulipoonekana: swichi ya kubadilishia, inayoiruhusu nyumba kula umeme wa shirika la umeme au wa jenereta, lakini kamwe si yote miwili kwa pamoja. Anayechomeka jenereta kwenye soketi ya kawaida bila swichi hiyo anausukuma umeme kinyumenyume mpaka kwenye transfoma ya mtaani, ambayo itazigeuza volti zake 230 kuwa 11,000. Juu ya nguzo anaweza kuwepo fundi wa shirika anayeamini laini imekufa.

Leo wengi wanaongeza paneli za jua juu ya bati, na hapo fundi hulazimika kujifunza upya. Umeme wa shirika hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli haushuki. Cheche yake ikishika inaweza kuendelea kuwaka. Breka za kawaida zikitumika kwenye paneli zinaweza kuyeyuka badala ya kukata.

Mafundi hukumbuka pia kwamba pwani hii huweza kupigwa na zaidi ya mvua. Mwaka 1872 dhoruba iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Waya uliotandazwa hewani kutoka nyumba kubwa hadi jiko la nje hukatwa na tawi au bati linaloruka. Kebo iliyovikwa nyuzi za chuma, ikazikwa nusu mita au zaidi na kuwekewa utepe wa tahadhari juu yake, haijui kama kuna dhoruba. Kuchimba nusu mita ya maweni ni siku mbili za jembe la sululu, nazo hazionekani kwenye picha ya nyumba iliyokamilika.

Ndiyo hali ya ufundi huu. Mgeni atasifu vigae, atasifu mlango wa Kizanzibari uliochongwa, atasifu taa inayomulika mlango huo. Hataliona tumbo la waya chini ya boksi.

Basi mwenye nyumba, kabla masika hayajaingia, nenda kwenye boksi lako la swichi ukabonyeze kitufe chenye herufi T. Swichi ikiruka, iwashe tena, kisha mwite fundi mwenye leseni aje kupima fimbo ya ardhi kwa mita, maana kitufe hicho hakiipimi. Isiporuka, zima pampu na taa za nje, na asiguse mtu mpaka fundi afike.