Anza na Papa: Namna ya Kuipima Baa ya Tapas Sevilla

Jumamosi, saa nane mchana. Tumesimama wanne kwenye kaunta ya baa ya mtaani Triana, ng'ambo ya mto Guadalquivir. Kuna Mmombasa asiyekula nguruwe wala kugusa pombe, Mkongo wa Lubumbashi anayekula kila kilichowahi kutembea, mwenyeji mmoja mzaliwa wa hapahapa Sevilla, na mimi niliyekulia Tanga. Sheria yetu ni sahani moja kila baa, zikizidi sana mbili, kisha tunahama.

Kuhama ndiko kula tapas kwenyewe. Atakayekukalisha mahali pamoja na kukujazia meza sahani kumi na mbili amekupa chakula cha mchana tu. Kila baa hapa ina kitu kimoja inachokijua kuliko jirani yake, na vingine vipo ili menyu isionekane tupu. Humwendei muuza bajia ukamuulizia mishikaki. Basi kazi ya mlaji ni kukitambua kile kimoja, ikiwezekana kabla hajafungua mdomo kuagiza.

Tazama wazee. Wakiwa watatu kaunta na wote wana sahani ya aina moja mbele yao, umeshajibiwa. Tazama pia ubao wa chaki: majina machache, mengine yamefutwa kwa sababu yameisha, ni dalili njema. Picha za vyakula mlangoni, zimefifia kwa jua? Pita. Mwaka wetu wa kwanza tulinaswa na baa moja karibu na Kanisa Kuu. Viazi vya bravas, ambavyo vinataka mchuzi wa pilipili nyekundu ya unga, vilikuja na tomato sosi ya chupa, na mkate ambao hatukuuagiza ukaingia kwenye bili.

Ukisharidhika na macho, agiza cazón en adobo. Cazón ni papa mdogo, na ubaoni mara nyingi wanaandika adobo tu. Hukatwa vipande vya ukubwa wa nyama ya mshikaki, vikaloweshwa kwenye siki, kitunguu saumu, oregano, bizari nyembamba na pilipili nyekundu tamu ya unga. Hulala humo hadi kesho yake, vikapakwa unga na kutumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka hasa.

Namchagua yeye kwa sababu papa hana subira. Nyama yake ina urea nyingi, na ikichelewa urea hiyo hugeuka amonia, ile harufu ya kuchoma pua ambayo aliyekulia pwani anaijua tangu utotoni sokoni. Siki huipunguza lakini haiimalizi. Kwa hiyo mpishi hawezi kununua papa wa juzi akajificha nyuma ya viungo, na asiyejali mafuta yake ataumbuliwa papo hapo.

Chukua kipande, kivunje kwa vidole (hakuna atakayekushangaa), ukilete puani kingali kinafuka. Bizari itangulie, siki ifuate. Ukipata harufu ya choo cha stesheni, weka chini. Ganda liwe jembamba na kavu, kiasi kwamba ukilishika vidole havilowi. Ndani nyama iwe nyeupe na viungo viwe vimefika katikati; vikiishia ukingoni, katikati pakawa pamepooza, ujue kililoweshwa asubuhi ileile. Halafu inua vipande utazame karatasi iliyo chini yake. Alama ndogo ya mafuta si neno. Dimbwi maana yake mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, na samaki ameyanywa.

Masikio nayo yasikae bure. Baada ya kuagiza usikie jikoni mlio wa kukaanga. Sahani ikifika kabla hujasikia kitu, ilikuwa inakungoja wewe. Na Jumatatu usiagize samaki kabisa, kwa kuwa boti nyingi Jumapili hazitoki. Mmombasa wetu, siku alipoonja adobo safi kwa mara ya kwanza, alinyamaza kitambo, akasema, "Hii ingetiwa ukwaju tu, ningesema niko nyumbani."

Kipimo changu cha pili ni spinachi na dengu. Ni sahani ya maskini na ya siku za mfungo wa Kikristo, na haina nyama ya kuibeba. Watu wengi humpeleka mgeni kuila El Rinconcillo, baa iliyopo tangu 1670, ambako muuzaji bado anakuandikia hesabu kwa chaki juu ya ubao wa kaunta, mbele ya macho yako. Nami humpeleka huko, ingawa msongamano wa jioni unanichosha. Uzito wa mchuzi unatokana na mkate uliokaangwa na kupondwa pamoja na kitunguu saumu, bizari na siki kidogo. Usitafute kijani kibichi hapa. Spinachi nzuri huwa imeiva mpaka rangi ikakoza. Inamisha sahani kidogo. Likitoka tone la mafuta ya zeituni, sawa. Yakitiririka maji, spinachi haikukamuliwa. Dengu moja ibane kwa ulimi kwenye kaakaa: ibaki nzima hadi hapo, kisha ivunjike bila kutumia meno.

Tortilla nitaipitia upesi, maana Sevilla si makao yake makuu. Mtanzania akiiona atasema ni chipsi mayai, na hajakosea sana. Tofauti ni kwamba viazi vya tortilla havikaangwi vikakauka. Huiva polepole kwenye mafuta ya zeituni ya moto mdogo hadi vilainike, ndipo vichanganywe na mayai. Tazama pale ilipokatwa. Pakiwa na unyevu unaong'aa, agiza. Pakiwa pakavu kama sponji, ama ilipikwa jana ama mpishi ana woga. Suala la kutia kitunguu au kutotia waachie Wahispania wenyewe, ni ugomvi wao wa miaka mingi. Mimi niko upande wa kitunguu.

Mji huu ulikuwa chini ya Waislamu tangu 712 hadi 1248, na lugha inakumbuka. Aceituna iliyo kwenye kibakuli mbele yako ni ndugu wa zeituni letu, yote mawili yametoka kwa Waarabu. Albóndiga, kababu la mviringo la kwenye mchuzi, shina lake ni lile bunduq la Kiarabu lililotupa sisi bunduki. Mkongo wetu tangu alisikie hilo kila akiagiza albóndigas husema anataka risasi sita.

Ila historia hiyo isimlaze usingizi asiyekula nguruwe. Salmorejo, supu baridi ya nyanya na mkate, huletwa imenyunyiziwa vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, hata kama ubao haukusema. Croquetas, vile vitonge vya kukaanga, nyingi zina jamón ndani, na hayo makababu ya mchuzi mara nyingi huwa na nguruwe, isipokuwa yameandikwa ya choco, yaani ngisi. Uliza kila sahani, hata ya mboga. Na jihadhari na neno mosto. Kaskazini mwa Uhispania ukiagiza mosto unaletewa maji ya zabibu yasiyo na kilevi, na Waislamu wengi wanaoishi huko wanalijua kwa maana hiyo. Huku Sevilla, hasa vijiji vya Aljarafe wakati wa baridi, mosto ni divai changa ya mwaka huo, na inalevya. Mmombasa alikuwa ameshainua glasi mwenyeji wetu alipomshika mkono.

Kwa wanaokula, neno fupi kuhusu jamón ibérico: soma rangi ya lebo kwenye kifundo cha mguu. Sheria ya 2014 imegawa rangi nne. Nyeusi ni ya nguruwe wa mbegu ya Iberia kwa asilimia 100, aliyenenepeshwa kwa matunda ya mialoni malishoni. Nyekundu amekula hayohayo lakini ni chotara. Kijani na nyeupe ni waliolishwa nafaka. Mkongo wetu anaongeza kwamba lebo haitoshi. Jamón ikatwe kwa kisu mbele yako, iwe nyembamba, na shahamu yake ianze kuyeyuka kwa joto la chumba. Iliyotoka kwenye friji, anasema, ni pesa iliyotupwa.

Mambo mengine utajifunza kwa miguu. Nakuomba tu usije Agosti. Joto hupita nyuzi 40, na baa nyingi za mtaani, zile hasa nilizokuwa nakusifia, hushusha milango kwa wiki kadhaa wenyewe wakaenda baharini. Njoo Novemba, siku yoyote isipokuwa Jumatatu.